Rangi Niliyoiona Ng'ambo ya Mto

Ruiru, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwako Muchiri, mwana wa dada yangu,

Mambo ya safari yako ya kesho, ya blanketi, ya viatu, na ya kutokula kwa watu usiowajua, mama yako ameyasema tangu Alhamisi na bado anaendelea; namsikia kutoka hapa nilipokaa. Sitaongeza. Mimi nakuandikia la kwangu, na nimeshika kalamu kwa sababu mdomo wangu naujua. Ukianza na jambo la kweli, kabla haujafika katikati umekwisha kuliotesha mkia na pembe. Kalamu ni nzito kidogo, inanichosha, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kuongeza chumvi. Nilikwambia nilisoma mpaka darasa la sita. Ni la tatu, na hilo la tatu nilitoka kabla ya mtihani.

Nitasema kwanza neno lenyewe, nisije nikazunguka nalo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baba yako Waweru yuko kambini mwaka wa nne sasa kwa sababu ya neno moja lililotoka kinywani mwangu. Hilo unalijua. Kila mtu katika shamba hili la kahawa analijua, kwa kuwa nililisema mbele ya watu wote. Usilolijua ni kwamba neno lile silo yaliloleta macho. Nilisema nyekundu. Niliona nyeusi.

Sasa nimeliandika. Nimelitazama hapo kwenye karatasi na halijanuka, halijaungua. Basi naendelea.

Ningenyamaza, ujue. Nimenyamaza miaka minne na nimenenepa. Lakini mwezi uliopita walikuletea ile fomu ya kazi ya kupima mashamba kule Nyeri, ukanipa niitazame, nami nikajifanya nasoma haraka. Pale pa jina la baba uliandika, Waweru, marehemu. Nikakuuliza, "Marehemu tangu lini?" Ukaniambia bila kuinua kichwa, "Mjomba, wakijua yuko kizuizini hawanichukui. Na yeye alichagua njia yake. Wewe ulisema ulichoona. Sina kinyongo na wewe."

Ulisema kwa upole. Ukanimiminia hata chai. Ile chai iko hapa kooni mpaka leo. Mtu aliye hai umemzika kwa wino, mwanangu, na koleo la kuchimbia nilikupa mimi.

Usidhani nilimchukia baba yako. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wawili, na hao wenyewe wanajua. Alipokuja kumposa mama yako alileta mbuzi wembamba sana, mpaka shangazi yetu akauliza kama ni mbuzi au ni vivuli vya mbuzi, na baba yako akajibu, "Vivuli vimetangulia, Mama. Wenyewe wako njiani wananenepa." Nilicheka nikasema huyu ndiye shemeji. Kilichomfunga si chuki. Kilichomfunga ni sifa.

Unajua waliniita Macho Saba. Unajua na hadithi ya Burma, jinsi nilivyomwona Mjapani juu ya mti kwa kucha ya mguu wake iliyong'aa, nikamnong'oneza kapteni, "Piga kushoto kwa jani la tatu." Hadithi hiyo nimeisimulia Ruiru, nikaisimulia Juja, nikaifikisha Ngoliba, na kila nilipofika kucha ile ilikuwa imepungua ukubwa. Muchiri, Burma nilikuwa jikoni. Nilimenya viazi vingi mpaka nikawa naota maganda. Mjapani niliyemwona mimi alikuwa mateka, alikuwa na homa, na tulimpa mchuzi.

Lakini macho yangu yalikuwa mazuri kweli, hilo usinipunguzie. Nilipewa unyapara wa wachumaji kwa ajili yake. Mwanamke akiwa mwisho wa mstari, debe kichwani, nilijua kama ameficha kahawa mbichi chini na kufunika mbivu juu. Nilikuwa nasema, "Wewe mama wa debe la tano, mwaga hapo," na akimwaga, kijani hiki hapa. Watu walidhani naona kupitia bati. Nami nikaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa natazama miguu. Mtu aliyeficha kitu hutembea kama amebeba yai. Sikuwa naona kahawa hata kidogo. Nilikuwa nakisia, kisha debe likimwagwa nasema niliona. Na nikaja nikasahau kama kuna tofauti.

Zamani kidogo, kabla ya emajensi, hii hali ya hatari, niliwahi kupewa onyo nikalipita. Nilikuwa naleta mbuzi wa mtu kutoka Ngoliba kuja Thika, jua la saa nane, vumbi, kiu. Mbele yangu barabarani nikaona maji. Maji yenyewe, yanang'aa, yana mawimbi. Nikawaambia mbuzi, twendeni. Mbuzi hawakukimbia. Walikuwa na kiu kuliko mimi, ndimi nje, na hawakuongeza hata hatua. Nikawachapa. Nikawaita wajinga, viumbe wasiosoma. Tulipofika pale palikuwa changarawe tupu, na maji yamesogea mbele tena, nami nikawachapa tena kwa kuwa mara hii niliona kabisa. Mbuzi mmoja aligeuka akanitazama. Nimetazamwa na wazungu na majenerali, lakini sijawahi kutazamwa hivyo. Hadithi hii sikuwahi kuisimulia, maana haina sifa ndani yake.

Sasa nikueleze kosa lenyewe, nalo ni kosa la mtu wa kahawa. Mtu wa ng'ombe asingelifanya. Hata mtoto asingelifanya.

Wewe umekulia humu, unajua wachumaji humwaga kahawa juu ya gunia jioni ili kutoa mbichi na zilizooza kabla ya kupeleka kupimwa. Jua likishazama kuna kitu hutokea. Nyekundu ndiyo ya kwanza kufa. Kijani bado unakiona, tena kama kimeongezeka mwanga, lakini punje nyekundu, nzuri, iliyoiva sawasawa, inageuka nyeusi mbele yako kama iliyooza. Nyapara mgeni akija, jioni ya kwanza hutupa kahawa nzuri debe zima akifoka kwamba wamemletea uozo. Mimi nilifundishwa na kikongwe mmoja mchumaji, aliniambia, "Mwanangu, jioni usiamini weusi. Weusi wa jioni ni wekundu wa mchana." Nikalishika. Miaka tisa sikutupa punje nzuri hata moja. Wengine waliona nyeusi wakasema nyeusi. Mimi niliona nyeusi nikasema nyekundu, na kukipambazuka ilikuwa nyekundu. Basi ningeachaje kujisifu?

Jioni ile nilikuwa natoka kwenye mashine ya kahawa narudi laini, kwenye vyumba vyetu vya wafanyakazi. Jua limezama, si giza, ile saa ambayo uso wa mtu unakuwa kama sufuria. Ng'ambo ya mto, kwenye kijia kinachotoka stoo ya unga, nikaona mtu amebeba gunia mgongoni anateremka kuelekea kwenye mafunjo. Amevaa sweta. Sweta nyeusi. Hivyo ndivyo jicho lilivyoleta: nyeusi.

Weusi huo haukukaa hata muda wa kupepesa. Kichwa kikasema, weusi wa jioni. Na sweta nyekundu katika shamba zima ilikuwa moja, ile aliyoifuma mama yako alipojifunza kufuma kwa wanawake wa kanisa, akaenda Thika dukani kwa Mhindi akakuta sufu iliyobaki ni nyekundu tu. Tulimcheka baba yako. Tulimwita jogoo. Naye aliivaa kila siku.

Kwa hiyo alikuwa Waweru. Na sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo nimekuwa nikirudi miaka minne: alipokwisha kuwa Waweru, nilimwona. Nakuapia. Nikaona mabega yake yaliyoinama. Nikaona ule mwendo wake wa kutupa mguu wa kushoto. Sweta ikawa nyekundu kabisa, Muchiri. Nikapiga mluzi wetu, ule wa kuitana shambani. Hakugeuka. Mtu mwenye akili angesema, hajageuka kwa sababu si yeye. Mimi nikasema, shemeji ana kiburi leo. Nikaenda zangu kula.

Kesho yake stoo ikakutwa imevunjwa, unga umepelekwa kwa watu wa msituni. Wewe ulikuwa Ngoliba kwa nyanya yako wiki ile, kwa hiyo haya uliyapata kwa kusimuliwa, na msimulizi mkubwa nilikuwa mimi. Walitukalisha chini uwanjani, safu kwa safu, mikono kichwani, tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Afisa wa kizungu alikuwa amekaa mezani na daftari. Mkalimani wake hakuwa wa huku, Kiswahili chake kilikuwa safi kama sahani, na alikuwa ameshasikia habari zangu.

"Nani aliona mtu?" mkalimani akauliza.

"Hakuna mwenye macho katika shamba hili?"

Akaja mpaka mbele yangu. "Wewe ndiwe Macho Saba? Wananiambia ukikaa hapa unaona nzi juu ya Kilimambogo. Jana ulikuwa umemwazima nani?"

Watu wakacheka. Mikono kichwani, njaa, hofu, bado wakacheka, maana mtu anayejisifu akishikwa mkia ni furaha ya wote. Kama wasingecheka, sijui. Namwambia Mungu mara nyingi, kama wasingecheka.

Nikasema, "Niliona mtu ng'ambo ya mto."

"Mtu gani?"

Nakumbuka nilisita hapo. Jina sikulitaja. Siku zote nimejitetea kwa hilo, kwamba mimi jina sikulitaja.

"Amevaa nini?"

"Sweta."

"Rangi?"

Hapo palikuwa na majibu mawili. Moja lilikuwa la jicho na moja la fundi. La jicho lingekuwa nyeusi, na sweta nyeusi zilikuwa mgongoni mwa nusu ya wanaume waliokaa pale. Yangu mwenyewe ilikuwa nyeusi. Mkalimani angecheka, angesema hayo ndiyo macho saba? Nikasema nyekundu. Nilisema kama ninavyosema kwenye debe, kwa sauti.

Sikuhitaji kutaja jina. Watu hawakugeuza vichwa, waliogopa. Lakini macho yao yote yalikwenda mahali pamoja, na mkalimani akayafuata kama mtu anayefuata nyuki kwenda kwenye mzinga. Baba yako alikuwa ameivaa siku hiyo. Angekuwa na hatia angeivaa? Hata hilo sikujiuliza.

Walipokuwa wanampeleka kwenye lori alipita karibu nami, akaniambia kwa lugha yetu, polepole, kama tunaulizana habari ya mvua: "Shemeji, uliona nyekundu, au uliona nyeusi ukaiita nyekundu?"

Alikuwa mtu wa kahawa, Muchiri. Alijua. Katika watu wote wale, yeye peke yake alielewa kosa lilipoingilia, na akanipa mlango wa kutokea. Nami nikamwambia, "Niliona nyekundu." Mara ya kwanza nilikosea. Mara hii ya pili nilidanganya. Nataka uzitenganishe, si kwa kunihurumia, bali kwa sababu ndivyo zilivyo.

Mama yako alikwenda mpaka kwenye ile meza. Alisema saa ile mumewe alikuwa ndani, amekanyaga mwiba mchana, mguu uko kwenye karai la maji ya moto na yeye anautoa kwa pini. Wakamwambia mke ni mke. Aliporudi nami nikamwambia vivyo hivyo, tena kwa lugha ya kaka mkubwa. Hakugombana nami. Aliniambia hivi: "Wewe ulimwona kwa mbali ukaaminiwa. Mimi nilikuwa nimeushika mguu wake, sikuaminiwa." Kisha akanipa chakula. Amenipa chakula miaka minne.

Nilianza kuumwa na jambo hili taratibu, kama jino. Unakumbuka mwaka uliofuata nilipokuvusha mto na sweta mbili kwenye kikapu, moja nyekundu ambayo mama yako alikuja kujifumia baadaye kwa sufu iliyosalia, moja nyeusi yangu? Nilikwambia nimewekeana dau na karani wa stoo. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukapenda sana mchezo. Ukawa unajificha nyuma ya mgomba, unavaa moja, unatokea kwenye kijia.

"Mjomba, hii?"

"Nyekundu."

"Nyeusi, Mjomba. Na hii?"

"Hiyo sasa nyekundu kabisa."

"Ni ile ile, sijabadilisha."

Ulijitokeza mara kumi. Nilipata nne. Ukacheka mpaka ukakaa chini kwenye majani, ukasema, "Mjomba, hata kipofu angepata tano." Nikakuambia kuna ukungu leo. Hakukuwa na ukungu. Ulirudi nyumbani unaruka, na mimi nilibaki kule kwa muda, natazama kijia kisicho na mtu. Na unajua nini kilinitisha? Si kwamba nilikosa sita. Ni kwamba katika zile sita nilizokosa niliona. Sikuwa nakisia. Niliona nyekundu mahali ambapo hapakuwa na nyekundu, nikaiona vizuri kama ninavyoiona hii karatasi. Ndani yangu hakuna kitu kilichoniambia, hii ni ya kweli na hii ni ya kubuni. Zote zilikuja na sura moja, zimevaa nguo moja.

Tangu siku hiyo sikuamini kitu. Namsalimu mtu, ndani najiuliza ni yeye kweli. Nilikuwa nadhani jicho ni dirisha, mtu anachungulia na dunia iko pale nje imekaa. Sasa nadhani jicho ni kama yule mkalimani. Dunia inasema kwa lugha yake, yeye anatuletea kwa Kiswahili safi kama sahani, na sisi mezani tunaandika, tukidhani tumemsikia mwenyewe. Mkalimani akiongeza neno lake, utajuaje? Ungehitaji mwingine wa kumsikiliza, naye huyo pia ni mkalimani. Nimefika hapo na akili yangu ya darasa la tatu imegoma kwenda mbele. Labda huko unakoenda kuna waliovuka.

Na usiniulize basi ni nani aliyebeba gunia. Sijui. Nimemtafuta kwenye kumbukumbu, lakini nikimtazama anakuwa baba yako. Nimemchora baba yako juu yake mara nyingi mno mpaka mwenyewe amefutika. Hata hili nitakuandikia, ingawa linaniuma: kwa macho yangu peke yake siwezi kuapa kwamba hakuwa yeye. Kilichobaki ni mkono wa dada yangu uliokuwa umeshika mguu. Nimechelewa miaka minne kuuamini mkono ule kuliko jicho langu, na sababu ya kuchelewa ni kwamba jicho lilikuwa langu.

Sasa wewe unakwenda kushika mnyororo wa kupimia, na ukionekana una akili watakuchungulisha ndani ya ile darubini ya miguu mitatu. Mtu mmoja aliyewahi kuwabebea vyombo aliniambia ukitazama humo mtu aliyeshika ufito huonekana kichwa chini, miguu juu, kama popo. Siku ya kwanza utacheka. Mwezi wa pili hutaona tena kwamba amepinduka. Kichwa chako kitamsimamisha bila kukuomba ruhusa. Hapo ndipo nakuogopea. Si siku ya kwanza, mwanangu, ya ujinga. Nakuogopea siku utakayokuwa fundi.

Maana mzee fulani atakuwa amesimama pembeni, na kigingi kikisogea hatua tano, mgomba wa mama yake umekuwa wa jirani. Atakuuliza, uliona? Mimi sina amri ya kukupa. Sina mgongo wa kubebea amri. Nitakwambia tu ninachotamani ningefanya mbele ya ile meza. Ningesema: bwana, jicho liliona nyeusi. Kichwa changu kikasema ni nyekundu, kwa sababu ya kahawa. Andika yote mawili, na hilo la kahawa pia. Wangecheka. Ningekuwa nyapara aliyechekwa, basi, na jioni yule jogoo wetu angekuwa nyumbani na mguu wake unamuuma.

Mwezi uliopita, wiki ile ya fomu, nilikwenda Thika. Nilikwambia nakwenda kununua msumeno. Nilikwenda ofisi ya serikali, wanakopokea maneno ya watu. Karani alikuwa kijana kama wewe, na mstari wa nywele kichwani. Nikamwambia, nimekuja kubadilisha neno nililolisema.

"Lini ulilisema?"

"Miaka minne."

"Mzee, wakati ule ulikuwa umbali wa siku moja. Leo uko umbali wa miaka minne. Sasa ndiyo unaona vizuri?"

Nikamwambia ndiyo. Akanitazama, hakucheka, na huyo angecheka nisingejali. Akasema maneno ya namna hiyo husikilizwa na afisa mwenyewe, Jumatatu asubuhi tu, ofisi ikifunguliwa saa mbili. Halafu akashusha sauti. "Lakini ujue, mzee. Maneno mawili yakipingana, moja ni uongo. Na uongo ule umemweka mtu ndani. Unaweza kuingia kwa mlango huu usitokee kwa mlango huu." Nikamshukuru. Nikanunua msumeno kweli, nirudi na kitu mkononi.

Jumatatu nne zimepita. Ya kwanza nilisema nina mafua. Ya pili mvua. Mbili za mwisho sikujisumbua hata kutafuta sababu. Nikifungwa, unyapara umekwenda, na chumba cha laini kimekwenda na mke wangu ndani yake. Wewe uko Nyeri. Mama yako atabaki na nani? Unaona jinsi hoja zinavyokuja zimevaa vizuri. Huenda ni za kweli. Lakini na sweta nayo ilikuja imevaa vizuri.

Leo baada ya kanisa nilimwambia mama yako. Alikuwa anamenya ndizi za kukufungia safari. Nilimwambia yote, na kahawa, na nyeusi, na lile baba yako aliloniuliza penye lori. Hakusimamisha kisu. Nilingoja anitukane, ningefarijika. Alimenya ile aliyokuwa nayo, akachukua nyingine, akaimaliza. Kisha akasema, "Kesho ofisi inafunguliwa saa mbili." Basi. Ndipo nikachukua kalamu nikaja hapa nje.

Kwa hiyo barua hii usiitupe. Nimebonyeza kidole gumba chini kabisa, kwa wino wa karani wa stoo. Wakinifungia kabla sijasikilizwa, au nikifika mlangoni miguu ikanisaliti kama ilivyozoea, wewe utakuwa na maneno yangu kwa mkono wangu, nawe utakuwa mahali penye watu wanaosoma. Uitumie au usiitumie, ni baba yako. Ukiamua kutonisalimu tena, nitaelewa, ingawa nitasimulia watu kwamba uko na kazi nyingi. Ile fomu walishaichukua. Kama kuna namna ya kulifuta lile neno ulilomzika nalo baba yako, sina uso wa kukuambia ulifute. Mama yako ana namba ya kambi. Anajua jinsi ya kuandika juu ya bahasha.

Kesho utaniona asubuhi nimevaa koti, na pasi, kibali cha kwenda Thika, ninayo mfukoni. Karani aliyeniandikia nilimwambia nakusindikiza, na mbele ya watu nitatembea nawe hivyo hivyo mpaka mjini. Pale njia panda ya stesheni utanyosha mkono wa kuniaga, nami nitaupokea. Sitasema mengi. Usiisome barua hii mbele yangu, nakuomba. Isome ukishakaa ndani ya gari la moshi.

Gari lako linaondoka saa tatu. Wakati huo nitakuwa kwenye benchi la kungojea pale ofisini. Nitalisikia likipiga filimbi. Ukichungulia dirishani ukaona mtu pale jukwaani, kofia kama yangu, mabega kama yangu, anatazama kama anayekutafuta, usimpungie mkono, Muchiri. Huyo si mimi.

Mjomba wako,
Kiarie